Honi Si Breki

Ukipanda basi la Makambako kwenda Njombe ukapata kiti cha mbele, utaona jambo ambalo wenyeji tumelizoea kupita kiasi. Mbele yenu yuko mtu juu ya baiskeli. Kwenye keria amefunga gunia la mkaa, au madumu ya ulanzi, ile pombe ya mianzi, kama ni msimu wake, au amempakia mtoto wa shule aliyekumbatia begi. Dereva haondoi mguu kwenye mafuta. Anapiga honi moja ndefu. Yule mtu hageuki hata kutazama nyuma. Anaikata baiskeli kushoto, anatumbukia kwenye changarawe, anashuka na kuishikilia isilale na mzigo. Basi linapita. Ndani hakuna anayeshtuka, na kondakta anaendelea kudai nauli.

Kinachonikera hapo si honi yenyewe. Honi imewekwa kwenye gari ili itumike. Kinachonikera ni kwamba katika barabara zetu honi imepewa kazi ya breki. Anayeendesha chombo kizito ametoa taarifa kwamba anapita, na kwa taarifa hiyo amejiona ametimiza wajibu wake wote. Kilichobaki ni shauri la mwenye baiskeli na changarawe yake.

Mjadala ukizuka kijiweni, huwa unagawanyika pande mbili. Wapo wanaotaka baiskeli zipigwe marufuku kwenye barabara kuu, ziende huko mitaani. Wapo wanaosema barabara ni ya wote, kila mtu awe mwangalifu, basi. Mimi siko upande wowote kati ya hizo. Baiskeli isifukuzwe barabara kuu, lakini pia isilazimishwe kugombea kipande kilekile cha lami na semi inayokwenda kilometa 80 kwa saa. Ipewe sehemu yake pembeni. Na pale ambapo mlima umebana na pembeni hapana nafasi, chombo kinachopaswa kupunguza mwendo ni kile chenye injini. Nasema hivi nikiiwaza zaidi njia ya kwenda Iwawa, makao makuu ya Makete, ambako lami bado changa na mazoea mabaya hayajapata muda wa kuota mizizi kama yalivyoota Makambako.

Lami ilipita juu ya njia yao

Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma haikuwekwa lami ili mtu wa Lyamkena apeleke maharage sokoni. Iliwekwa kwa sababu ya Zambia. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, njia ya Zambia ya kusini ikawa mashakani, na malori ya mafuta yakaanza kukata nyanda zetu za juu kwenda Lusaka kwenye barabara iliyokuwa vumbi kiangazi na tope masika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 lami ikafika. TAZARA ikafuata na kilometa zake 1,860 za reli, na Makambako pakawa pahali ambapo reli, barabara ya Zambia na barabara ya Songea vinakutana. Lami ya kwenda Njombe na Songea ilikuja miaka ya 1980. Ya Njombe hadi Makete, kilometa 107 na ushei kupitia Moronga, imekamilika juzijuzi tu, miaka mingi baada ya watu kuisubiri.

Sina ugomvi na lami. Aliyewahi kusafiri kwenda Iwawa mwezi wa tatu enzi za udongo, gari likasukumwa na abiria waliovaa nguo za kanisani, hawezi kuisema vibaya. Wagonjwa wanaokwenda hospitali ya Ikonda kutoka mikoa ya mbali wanaijua thamani yake kuliko mimi. Viazi vya Makete vilivyokuwa vikiozea stoo leo vinapakiwa kwenye fuso alfajiri na jioni viko mbali.

Lakini tukumbuke lami hii ilipita wapi. Wahandisi hawakukuta pori tupu. Walikuta njia iliyochongwa na nyayo na magurudumu ya baiskeli, inayofuata migongo ya vilima kwa sababu ileile waliyoifuata wao: huko juu maji hayasimami. Kijiji kilikuwa kimekaa kando ya njia hiyo, na shule, zahanati, kanisa na mashine ya kusaga vilikuwa hapo. Lami ikalazwa juu yake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu amekuja, wengi wamepona kwa mengi, lakini kuna mwenyeji mmoja ambaye tangu siku ile anatembelea ukingoni mwa njia yake mwenyewe.

Wanaosema baiskeli zirudi njia za ndani nawauliza: zipi hizo? Ardhi ya Ubena na Ukinga, yaani Njombe na Makete, ni kilima na bonde, bonde na kilima. Kila bonde lina vinyungu, bustani zinazolimwa kiangazi kwa unyevu wa ardhi, na njia ya mguu ikifika hapo inavuka kijito kwa magogo. Masika ikishika, udongo unajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu haligeuki, na mtu anaibeba baiskeli badala ya baiskeli kumbeba yeye. Huko Wanging'ombe, kwenye tambarare, walau kuna nafuu, na ndiyo maana baiskeli ni nyingi zaidi kule. Makete wengi huisukuma kupanda na kuipanda kuteremka. Mtu aliyefunga kilo 80 za mzigo hawezi kushuka bondeni na kupanda tena mara tatu ili tu dereva asipunguze mwendo.

Hesabu ya mita saba

Tuliangalie jambo hili kwa namba, maana kwenye mabishano ya barabara watu hupenda kutupiana lawama kuliko kupima.

Njia mbili za magari kwenye barabara zetu kuu kwa pamoja zina upana wa mita takriban saba, na mara nyingine hazifiki. Lori lina mita mbili na nusu, bila kuhesabu vioo vya pembeni. Malori mawili yakipishana yametumia mita tano. Mita mbili zilizobaki zinagawanywa mara tatu: pengo la katikati, na ukingo wa kila upande. Mwenye baiskeli anabakiwa na sentimita 60 hivi au 70, na usukani wake peke yake unazimaliza. Gunia la mkaa lililolazwa kwenye keria linazidi hapo. Kwa hiyo tunapomwambia 'shirikianeni barabara', tunamwambia ashirikiane nafasi ambayo haipo.

Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Dereva akitokea kwenye kona akamwona mtu mita 50 mbele, sekunde moja ya kwanza inakwisha kabla mguu haujafika kwenye breki. Baada ya hapo kuna tani kadhaa za viazi zinazotaka kuendelea na safari. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya kugonga haiongezeki maradufu. Inazidi mara nne. Ndiyo sababu mtu aliyegongwa kwenye mwendo wa kilometa 30 mara nyingi anasimulia, na aliyegongwa kwenye 80 anasimuliwa.

Halafu kuna mambo ambayo hayamo kwenye vitabu ila mwenye baiskeli anayajua mwilini. Mlimani hawezi kwenda mstari ulionyooka. Akisukuma pedeli kwa nguvu, gurudumu la mbele linayumba kulia na kushoto. Lori refu likimpita linatangulia kumsukuma kwa upepo, kisha mkia wake ukishapita upepo unamvuta ndani. Ukingo wa lami, pale ambapo mvua imekula changarawe, una shimo la kina cha kiganja, na gurudumu likishuka hapo na mzigo halirudi juu bila mtu kuanguka. Mwenye baiskeli hapo anachagua kuangukia upande gani tu.

Ongeza ukungu. Njombe na Makete kuna asubuhi za mwezi wa saba ambapo huoni mti ulio mbele ya nyumba yako, na hizo ndizo asubuhi ambazo wanafunzi wanatoka na wauza maziwa wanawahi. Ongeza na usiku: tangu mwaka 2023 Serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, barabara ya Makambako haina saa ya kulala. Malori ya Zambia na Kongo yapo, ya mbao yapo, ya makaa ya mawe kutoka Ngaka kule Mbinga yamewahi kupita kwa mafungu. Katika msongamano huo hata wakubwa wanauana. Machi 2015 pale Changarawe, Mafinga, lori likikwepa mashimo lilikutana na basi, kontena likaliangukia, watu zaidi ya 40 wakafa. Kama barabara haikutosha kwa lori na basi, baiskeli ingejificha wapi?

Wakifukuzwa wataenda wapi?

Hoja ya kupiga marufuku ina ladha ya uamuzi. Inasikika kama kazi imefanyika. Na imewahi kujaribiwa jirani zetu. Machi 2022 serikali ya Burundi ilizuia baiskeli, bajaji na pikipiki kuingia katikati ya jiji la Bujumbura, ikitaja ajali. Walioumia kwanza hawakuwa wenye magari. Walikuwa wapakiaji waliokula kwa jasho la miguu yao, na wafanyakazi wa kawaida waliojikuta wanatembea mwendo mrefu au kusimama foleni ndefu za mabasi yasiyotosha.

Huku kwetu marufuku kama hiyo ingepiga nani? Kijana anayenunua parachichi shambani kwa wakulima wadogo na kuzikusanya barabarani kabla gari la mnunuzi halijafika. Mama anayetoka Mtwango na mboga. Mhudumu wa afya wa kijiji. Mwanafunzi wa shule ya kata ambaye kwa mguu angefika kipindi cha pili kimeanza. Mtu atasema wapande bodaboda. Bodaboda inakunywa petroli, na petroli bei yake inatangazwa na mamlaka ya EWURA kila mwezi, haitangazwi na mzee wa kijiji. Baiskeli inakunywa uji. Kwa kaya ambayo fedha taslimu inaonekana msimu wa mavuno tu, nauli ya kila siku ya kwenda na kurudi ni uamuzi wa kumwondoa mtoto shule au kuuza debe la mahindi ambalo lingeliwa mwezi wa pili.

Kuna jambo jingine ambalo huwa linanishangaza. Milima haijawazuia wenzetu kuiheshimu baiskeli. Goma, ambako watu hushusha viazi na makaa kutoka vilimani kwa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, wamekisimamishia sanamu katikati ya mzunguko wa barabara. Kigali, mji wa vilima kuliko Njombe, ulikuwa mwenyeji wa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika. Sisi tuliokuwa na baiskeli yetu ya Swala, iliyotengenezwa hapahapa nchini, leo tunaitazama baiskeli kama ushahidi kwamba mtu hajafanikiwa. Nadhani nusu ya tatizo iko hapo. Barabara hujengwa na watu ambao hawategemei kuipita kwa baiskeli, wala hawategemei watoto wao waipite.

Madereva nao wana neno, na tusiwazibe midomo. Nimeongea na wengi, na lalamiko lao ni lilelile: saa moja jioni mtu anatokea gizani, hana taa, hana hata kipande cha kung'aa nyuma, amevaa koti jeusi la baridi, na pengine ametoka kilabuni. Kweli tupu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtambua mwenye baiskeli kama mtumiaji wa barabara, na kwa hiyo inamdai breki na taa kama inavyowadai wengine. Ulanzi haujawahi kumsaidia mtu kushika usukani. Zamani dinamo ilikuwa fahari ya baiskeli. Siku hizi tochi ndogo ya mkononi inapatikana dukani kwa bei ya soda chache, na bado wengi hawana. Hapo tukemeane sisi kwa sisi, nyumbani na kwenye mikutano ya kijiji.

Ila tusikubali hoja hiyo igeuzwe kichaka. Yule aliyetumbukia kwenye changarawe saa nne asubuhi, jua limetoka, hajalewa, hakukosa taa. Alikosa mahali. Kila tukianza mazungumzo na kofia ngumu na vizibao vya kung'aa, tunaukwepa mwendo wa gari na upana wa lami, vitu viwili vinavyoua. Kofia haikusaidii lori likikupita juu.

Paina zinazokatwa kabla ya wakati

Methali ya 'mwenye nguvu mpishe' inafaa sana kwa mtu anayekutana na fahali njiani. Ikigeuka kuwa kanuni ya barabara, bili yake inakwenda nyumbani kwa mtu.

Chukua kaya ya kawaida ya Njombe. Baba amegongwa, mguu umevunjika mara mbili. Aliyemgonga hakusimama, pengine kwa ukatili, pengine kwa kuogopa wananchi wenye hasira, ambao nao tunajua wanavyofanya. Majirani wanatafuta gari. Kabla au baada ya kufika hospitali lazima ipatikane fomu ya PF3 kutoka polisi. Kisha vyuma, kisha wiki za kulazwa, na ndugu wa kumhudumia anayehitaji naye kula na kulala mjini Njombe au Ikonda. Fedha inatoka wapi? Kaya nyingi huku benki yao ni shamba la miti. Baba alipanda paina mtoto alipozaliwa, akihesabu kwamba zitakomaa wakati wa ada ya chuo. Sasa mnunuzi anaitwa, miti ikiwa bado fito, naye anajua shida ya muuzaji, bei anaitaja yeye. Msumeno unapita. Ada ya chuo imekwenda kwenye mguu.

Na hapo mguu wenyewe haujapona msimu wa kupanda. Viazi vya mvua za kwanza havitapandwa, au vitapandwa na mama peke yake, nusu ya eneo. Binti wa kidato cha pili atabaki nyumbani 'kwa muda'. Tunaujua muda huo.

Kinachouma zaidi ni kwamba sheria ina kitu kwa ajili ya kaya hii, nayo kaya haikijui. Kila gari linalotembea barabarani linatakiwa kuwa na bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo. Mtu wa tatu ni huyuhuyu mwenye baiskeli. Akigongwa kwa kosa la dereva ana haki ya kudai fidia kwa kampuni iliyolikatia gari bima, na akifa familia yake ina haki hiyo. Lakini dai linahitaji namba ya gari, ripoti ya polisi, nyaraka za hospitali na uvumilivu, na badala yake mara nyingi kinachofanyika ni kikao cha ukoo, mwenye gari akatoa fedha ya jeneza au ya plasta, watu wakashikana mikono. Wenyeviti wa vijiji wanaokaa kwenye vikao hivyo wangefanya jambo la maana kama wangeuliza kwanza: namba ya gari imeandikwa wapi?

Baada ya mazishi mtu atasimama na kusema ajali haina kinga. Kwa heshima zote za msiba, siikubali methali hiyo kwenye barabara. Radi haina kinga. Lori la kilometa 80 katikati ya kijiji lina kinga, nayo inajulikana dunia nzima. Mwaka 1971 Uholanzi, nchi ambayo leo tunaambiwa ni ya baiskeli kana kwamba ilizaliwa hivyo, ilizika watu zaidi ya 3,000 kwa ajali za barabarani, watoto zaidi ya 400 wakiwa miongoni mwao. Wazazi waliingia mitaani. Hawakuomba watoto wao wafundishwe kupisha magari. Walitaka magari yapunguzwe kasi na baiskeli zipewe njia, na polepole nchi ikajengwa upya kwa kufuata madai hayo.

Dunia kwa ujumla bado haijafika huko. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilikadiria vifo milioni 1.19 vya barabarani kwa mwaka, zaidi ya nusu yake vikiwa vya waenda kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Ripoti hiyohiyo ilisema barabara zilizo na njia ya baiskeli ni asilimia 0.2 tu ya barabara zote.

Mita thelathini kila upande

Nilisema baiskeli ipewe sehemu yake pembeni, na nafasi ya kuipa ipo. Iko hapa.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati. Jumla mita 60. Watu wa Makambako hawahitaji kusomewa sheria hiyo. Waliisoma ukutani kwa rangi nyekundu, alama ya X. Kuna nyumba zilizobomolewa, kuna vibanda vilivyosogezwa, kuna wazee ambao mpaka leo wanakaa ndani ya nyumba yenye X bila kujua kama wapake rangi upya au wangoje.

Sasa fikiria. Serikali imechukua mita 60. Magari yanatumia saba. Halafu mwenye baiskeli akiomba mita moja na nusu au mbili anaambiwa hakuna nafasi? Ardhi ile ilitwaliwa kwa jina la barabara. Sehemu kubwa imeota nyasi, na nyingine zinalimwa mahindi kimyakimya mpaka siku mwenye mamlaka atakapokumbuka. Kinachokosekana ni bega pana lililowekwa lami, lililo usawa mmoja na barabara, lisilo na kile kishimo cha ukingoni. Na ndani ya makazi, pale Makambako mjini, Kibena, Njombe na hata Iwawa, njia iliyotengwa kabisa kwa ukingo wa saruji, baiskeli na waenda kwa miguu wapite bila kusikiliza honi.

Najua kitakachofuata njia hizo zikijengwa, kwa sababu tumeshakiona. Mradi wa mabasi yaendayo haraka Dar es Salaam, ulioanza kubeba abiria mwaka 2016, uliweka njia za baiskeli kandokando ya Barabara ya Morogoro. Kitu kizuri. Lakini pita pale jioni: bodaboda, meza za chipsi, viatu vya mtumba vimepangwa vizuri juu ya alama ya baiskeli. Barabara ya Thika kule Kenya, iliyozinduliwa mwaka 2012, ilisifiwa kwa njia zake za pembeni na ikapatwa na maradhi hayohayo. Njia isiyo na mlinzi inageuka soko. Kwa hiyo halmashauri isijidanganye kwamba kazi inaisha siku ya kukata utepe. Na wafanyabiashara wadogo nao watengewe pahali pao, maana hawakai barabarani kwa kupenda vumbi.

Makete ni suala jingine, nalikubali. Kuna vipande baina ya Moronga na Iwawa ambapo upande mmoja ni mlima uliokatwa na upande wa pili ni shimo. Huko mita 60 zipo kwenye karatasi tu. Kulipua mwamba kwa ajili ya bega ni gharama kubwa, na sitadai kila kona ipanuliwe. Nadai mwendo. Gari linalopanda kule tayari linakwenda polepole. Tatizo ni linaloteremka. Kilometa 40 kwa saa kwenye vipande hivyo haimcheleweshi mtu zaidi ya dakika chache, na dakika hizo atazimaliza stendi ya Njombe akingojea basi lijae.

Kuhusu kusimamia mwendo, sote tunajua mchezo. Sheria inasema kilometa 50 kwa saa kwenye makazi, na 80 kwa malori na mabasi nje ya makazi. Dereva anaona kibao cha 50, anatazama kama kuna trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo nyuma ya mti. Wenzake wanaotoka mbele wanamwashia taa kumtahadharisha. Asipoashiwa taa, kibao ni pambo. Simlaumu trafiki, hawezi kusimama kila kijiji. Lakini tuta halilali, haliendi kula mchana na haliombi kitu. Madereva wanayachukia matuta kwa sababu yanafanya kazi. Kijiji chenye shule kando ya lami kiwekewe tuta lililojengwa vizuri na kupakwa rangi, siyo lile linalogunduliwa na bampa.

Swali la kupeleka mkutanoni

Barabara ya Makambako hadi Songea, ile ya miaka ya 1980, imechoka, na imekuwa kwenye mipango ya Serikali ya kujengwa upya. Huu ndio wakati wa kusema. Bega likiwekwa kwenye mchoro kabla ya mkandarasi kuleta mitambo, ni nyongeza ndogo ndani ya gharama kubwa ya mradi. Likidaiwa baada ya lami kukauka, linakuwa mradi mpya unaohitaji bajeti mpya, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa kawaida miradi ya namna hii ina mikutano ya kushirikisha wananchi. Watu huitwa shuleni, wanakaa kwenye madawati, mgeni anasalimu 'Kamwene', watu wanaitikia, kisha maswali yanakuwa ya fidia na ajira za vibarua. Ni maswali halali na yaendelee kuulizwa. Lakini safari hii awepo pia fundi baiskeli, awepo muuza mkaa, awepo mwalimu wa shule iliyo kando ya lami. TANROADS wenyewe ndio wanaosimamia barabara hizi kuu, na wahandisi wao wamezoea namba, basi tuwaulize kwa namba. Bega litakuwa na upana wa mita ngapi kuanzia Makambako hadi Njombe? Litawekwa lami au changarawe? Kati ya lami na bega kutakuwa na kina cha sentimita ngapi? Njia ya pembeni itaanzia kilometa ngapi kabla ya kila shule? Na majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kijiji, yagongwe mhuri, nakala ibaki kwa mtendaji.